Moyo Mkubwa wa Mkurugenzi

Lifti ya jengo la mafao ya wastaafu ilikufa Jumatatu asubuhi, na hadi wiki inakwisha Mkurugenzi alikuwa ameichukia ghorofa ya nne kama mtu anavyomchukia wifi mwenye gubu.

Kabla ya hapo hakuwa na habari kwamba ofisi yake iko juu. Alichojua ni kwamba anaingia kwenye kisanduku cha bati, mlinzi anambonyezea kitufe, mlango unajifunga, mlango unafunguka, na Katibu Muhtasi wake amesimama mbele yake na kikombe cha chai. Yaliyotokea katikati hayakumhusu. Sasa kisanduku kilikuwa kimening'inia mahali fulani gizani, fundi amesema kipuri kinasubiriwa, na kilichobaki ni ngazi: ngazi za saruji zenye kona mbili kila ghorofa na reli ya chuma iliyobanduka rangi.

Mkurugenzi alikuwa na mwili. Si mwili huu wa kawaida ambao kila mtu amejaliwa, bali mwili wa cheo. Kitambi kilianza kuchomoza alipofanywa mkuu wa kitengo, kikakaa vizuri alipokuwa naibu, na alipopata ukurugenzi wenyewe kikajiachia kabisa, kikatangulia mbele yake milangoni kama msafara. Yeye hakuona aibu. Alikichukulia kama ushahidi.

"Ukimwona kiongozi mbavu zake zinaonekana," alipenda kusema kwenye vikao, akijipapasa tai, "jua hata hiyo ofisi yenyewe haimtaki."

Watu wote walicheka. Wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza alikuwa Naibu wake, mtu mwembamba kiasi kwamba suti alizovaa zilionekana kama bado zimetundikwa kabatini. Naibu huyu alikuwa fundi wa kumvika mtu kilemba cha ukoka. Alikuwa akimvika Mkurugenzi kila asubuhi, na Mkurugenzi alikuwa akiinamisha kichwa ili kikae sawa.

Siku ya kwanza ya ngazi, ghorofa ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilimfanya afungue kifungo cha koti. Kwenye ya tatu alisimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani, akalisoma. Lilikuwa limeandikwa TAFADHALI USITEME MATE HAPA. Alilisoma mwanzo hadi mwisho, akarudia, akakunja uso kama anayetafakari katiba, huku mabega yakipanda na kushuka na kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Karani mmoja wa kike akapita, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bosi."

Mkurugenzi alifungua mdomo atoe marahaba, lakini hewa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kutumia mwenyewe, hakuwa na ya kumgawia mtu. Akainua kidole kimoja. Karani akakimbia juu na kuwaambia wenzake kwamba leo bosi kaamka vibaya, kila mtu akae mkao wa kazi. Asubuhi ile ofisi nzima ilifanya kazi kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana.

Siku ya pili alikuja na mbinu ya simu. Kila alipofika kwenye kona alikuwa anaitoa mfukoni, anaiweka sikioni, na kusimama akitikisa kichwa: "Mm. Mm. Sawa. Mm." Hata mtoto anaweza kuzungumza hivyo bila pumzi. Mbinu ilifanya kazi vizuri mpaka alipokuwa ghorofa ya tatu, amezungukwa na wafanyakazi watatu wanaosubiri kwa heshima amalize mazungumzo, simu ikalia. Ikalia sikioni mwake, kwa sauti ya juu, na jina la mkewe likiwaka kwenye kioo.

Hakuna aliyecheka. Walisubiri wafike masjala, wakafunga mlango, ndipo wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo, nyuma ya mgongo wake, Mkurugenzi aliitwa Jenereta, kwa sababu alianza kusikika kabla hajaonekana.

Naibu hakumwita Jenereta. Naibu alisubiri hadi Ijumaa, akaingia ofisini kwa Mkurugenzi, akamkuta amelala kitini huku kola imelowa, akamwambia kwa upole:

"Mheshimiwa, nimekuwa nikiwaza. Kiongozi wa aina yako kukaa huku juu ni kuwanyima wananchi haki yao. Unatakiwa uwe chini, karibu na watu."

Mkurugenzi alifumbua jicho moja. "Chini kuna nini?"

"Kuna dirisha la uhakiki tu."

Dirisha la uhakiki lilikuwa mahali ambapo wastaafu hufika wao wenyewe, kwa miguu yao wenyewe, kuonyesha kwamba hawajafa. Bila hivyo mafao yalisimamishwa. Walikuja wenye fimbo, wenye magoti ya kufungwa bandeji, wenye macho yaliyoingia ukungu, wakishikwa mkono na wajukuu. Walikaa kwenye mabenchi ya chini, karibu na mlango, wakasubiri kuambiwa kwamba wapo.

"Na hao tuwapeleke wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Huku juu, Mheshimiwa. Tunabadilishana tu." Naibu akatabasamu. "Tena itatupunguzia kazi. Mstaafu akishafika ghorofa ya nne, hatuna haja ya kumhakiki. Kashajithibitisha mwenyewe."

Mkurugenzi alicheka hadi akakohoa. Jumatatu iliyofuata meza yake ya mninga ilishushwa, kapeti likashushwa, picha yake akipeana mkono na mgeni wa heshima ikashushwa. Mabenchi ya wastaafu yakapandishwa. Waraka ukatolewa kwamba uongozi umeamua kusogea karibu na wananchi, ukabandikwa mlangoni, ambapo wananchi waliusoma kabla ya kuanza kupanda.

*

Huko chini Mkurugenzi alipona. Hivyo ndivyo alivyojiona. Kutoka kwenye gari hadi kitini ilikuwa hatua chache, na kwa kuwa hakuna kilichomfanya aheme, aliamua kwamba hahemi tena. Alianza hata kutoa ushauri wa afya.

"Ni zile ngazi," alimwambia mkewe mezani. "Zilijengwa vibaya. Mwinuko wake si wa kibinadamu."

Mkewe alikuwa mwalimu, mtu aliyezoea kuwasikiliza watoto wakieleza kwa nini hawakufanya kazi ya nyumbani. Alimwacha amalize. Kisha akainama chini ya meza, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Hili nalo limejengwa na nani?"

"Ni soksi. Zinabana."

"Viatu navyo vinabana. Kitanda nacho kinabana? Maana siku hizi hulali, unakaa. Mito mitatu mgongoni, kama unasubiri basi. Baba watoto, nenda ukapime presha."

"Presha ni ugonjwa wa watu wenye mawazo. Mimi nina mawazo gani?"

"Ndiyo nashangaa," akasema mkewe, akaondoa sahani.

Lakini hakukata tamaa. Aliazima kipimo cha presha kwa jirani, akamkalisha mumewe kwenye kochi, akamvisha ule mkanda mkononi. Ncha mbili za mkanda zilikaribiana, zikatazamana kwa mbali, hazikukutana. Akavuta. Mkanda ukatoa sauti ya kuachia, ukaruka.

"Umeona?" Mkurugenzi akasema kwa furaha. "Hata mashine imekubali kwamba mimi si saizi ya wagonjwa."

Mkewe akakunja mkanda, akaurudisha kwenye boksi lake, akatoka kwenda kumrudishia jirani.

*

Habari za wastaafu kupandishwa ghorofa ya nne zilimfikia Mama Mwenyekiti wa Bodi. Alikuja bila taarifa, asubuhi, na mkoba begani na chupa ya maji mkononi.

Mkurugenzi alipomwona akiingia, roho ilimtulia. Mama Mwenyekiti alikuwa mnene kuliko yeye. Alikuwa na mikono minene, nyonga pana, na mwendo wa kumwaga uzito upande huu kisha upande ule. Huyu, akajisemea Mkurugenzi, hawezi kupanda popote. Atakaa hapa, atakunywa chai, atakwenda zake.

"Karibu sana, Mama. Karibu kiti."

"Nashukuru. Kitini nimetoka. Nataka kuona dirisha la uhakiki."

"Liko... liko juu, Mama. Na lifti bado inatusumbua. Naweza kukuletea msimamizi wake akakueleza."

"Maelezo nimeshayapata. Tupande."

Wakapanda. Mama Mwenyekiti mbele, Mkurugenzi ubavuni kwake, Naibu nyuma. Ngazi zilikuwa zimejaa. Wastaafu walikaa upande wa ukuta kila baada ya hatua chache, mmoja anapangusa jasho, mwingine kavua kiatu anajikanda mguu, na babu mmoja mwenye kofia alikuwa amesinzia kabisa, kinywa wazi.

Kufika kona ya kwanza, Mama Mwenyekiti alifanya jambo ambalo Mkurugenzi hakulitarajia. Alikaa. Alijipangusia ngazi kwa kitambaa, akajiweka katikati ya bibi wawili, akafungua chupa, akanywa maji.

"Kaa na wewe," akamwambia. "Moyo wangu una masharti yake, nimeshakubaliana nao. Nina presha mwaka wa kumi huu. Nameza vidonge vyangu, natembea kila asubuhi, nikichoka nakaa. Sioni haya."

"Mimi niko sawa, Mama," akasema Mkurugenzi, akabaki amesimama, kifua mbele.

Ilikuwa hivyo kila kona. Mama Mwenyekiti anakaa, anapiga soga na wazee, anawauliza walitoka nyumbani saa ngapi, anainuka taratibu. Mkurugenzi anasimama kama askari wa gwaride, na kwa kuwa ukimya ungemsaliti, anaeleza.

"Kama unavyoona, Mama... utaratibu huu... umesaidia... ku..."

"Kuongeza ufanisi," akamalizia Naibu.

"Na wastaafu... wenyewe... wame..."

"Wamefurahi sana, Mama."

Mzee mmoja aliyekuwa amejiegemeza ukutani alifungua jicho, akamtazama Naibu, akalifunga.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu maneno yalimwisha Mkurugenzi. Si kwamba alikosa la kusema. Alikosa cha kulisukuma. Alisikia kitu kikimkalia kifuani, kizito, kama mtu mzima aliyeamua kuketi hapo na hana mpango wa kuondoka. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Taya likauma, jambo lililomshangaza, kwa sababu hakuwa na jino bovu. Jasho lilimtoka, jasho la baridi. Akapiga moyo konde, akainua mguu kupanda ngazi nyingine, na ule mguu ukakataa.

Alishuka taratibu kama gunia linaloteleza, akaishia amekaa ubavuni kwa bibi mmoja mwembamba mwenye mkongojo. Bibi akasogea kumpisha.

"Kaa, mwanangu, kaa," akamwambia, akianza kumpepea kwa bahasha yake. "Na wewe umekuja kuhakikiwa?"

Mkurugenzi alikuwa anaitazama mikono yake juu ya mapaja, ilivyokuwa imebadilika rangi kama majivu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliogopa bila kumtafuta mtu wa kumlaumu.

Mama Mwenyekiti ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa. Vijana wa masjala waling'oa pazia lao, wakamlaza juu yake, wakashika pembe zote nne na hawakutosha. Wakaomba msaada. Naibu alisaidia kwa sauti: "Taratibu! Mheshimiwa huyo! Kichwa, angalieni kichwa!" Wastaafu walijibana ukutani kupisha, mmoja mmoja, wakimwambia pole, na Mkurugenzi akawa anateremka chali huku akiitazama dari ya jengo lake. Ilikuwa na utando wa buibui. Kwenye kila kona wabebaji walimweka chini wapumzike, na hakuna aliyesingizia simu.

*

Daktari wa moyo alikuwa mtu mzima, ana sauti ya chini na hana haraka. Baada ya siku kadhaa, maji yalipopungua miguuni na mgonjwa alipoweza kulala kwa mto mmoja, alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Mke wa Mkurugenzi alikuwa upande wa pili, anamenya chungwa.

"Mzee," akasema daktari, "una moyo mkubwa."

Mkurugenzi alitabasamu kidogo chini ya barakoa ya hewa. "Nimeambiwa hivyo tangu zamani."

"Sikusifu. Nasema tumeupima, ni mkubwa. Umetanuka." Akakunja ngumi, akamwonyesha. "Moyo ulitakiwa uwe kiasi hiki hivi. Sasa sikiliza. Kila nyama unayoongeza mwilini inataka damu. Haiwezi kuishi bila damu. Ni kama mtaa mpya umejengwa, watu wamehamia, wanataka maji, na pampu ni ile ile ya zamani. Ukaongeza mtaa mwingine. Na mwingine. Pampu haikugoma. Ilijikaza, kuta zake zikawa nene, ikasukuma kwa nguvu zaidi, presha ikapanda, mishipa ikakakamaa. Miaka yote hiyo. Mwisho imechoka, inatanuka, damu haiendi inavyotakiwa, na maji yanarudi nyuma: miguuni, kwenye mapafu. Ndiyo maana ulikuwa unalala umekaa. Na juu ya hayo mshipa mmoja unaolisha moyo wenyewe uliziba, ndicho kilichokuangusha."

"Lakini Mama Mwenyekiti..." Mkurugenzi akasogeza barakoa. "Yule ni mnene kuliko mimi. Alipanda ngazi zile zile."

"Namjua. Hata yeye moyo wake hauko likizo, asikudanganye mtu. Ila anapima, anakunywa dawa, anatembea, akichoka anakaa. Halafu uzito wake mwingi uko nyongani. Wako uko tumboni, ndani, umekumbatia ini na utumbo. Hayo mafuta ya ndani ndiyo yenye fitina. Wapo watu wembamba wa kuwatazama wenye mafuta hayo hayo na presha ya kutisha, nao wanatembea mjini wanajiona malaika." Akainuka. "Mnene anayejitunza namtibu bila shida. Taabu yangu ni mnene anayehamisha ofisi."

Mkurugenzi akamgeukia mkewe. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mji mzima unajua," akasema mkewe, akamtia kipande cha chungwa mdomoni. Kisha akampangusa kidevu kwa kanga yake.

Jioni Naibu akaja kumjulia hali, na kikapu cha matunda.

"Mheshimiwa, usiwasikilize sana hawa madaktari. Wana wivu. Kiongozi gani asiye na kitambi?"

Mkurugenzi alimtazama. Alimtazama hasa, kuanzia kola hadi viatu, kama mtu anayelipitia tangazo ukutani.

"Wewe ulikuwa unaniona ninavyohema?"

Naibu alikisogeza kikapu. "Nilidhani ni uchungu wa kazi, Mheshimiwa."

"Siku zote hizo?"

"Wewe una uchungu mkubwa sana na kazi."

*

Alikaa nyumbani kwa muda mrefu. Alimeza vidonge vya kila rangi, kimojawapo kikimpeleka msalani mara nyingi hadi akaacha kufunga mlango. Chumvi ilihama mezani. Mkewe alimtoa nje kila asubuhi, mwanzoni mpaka kwenye geti, baadaye mpaka kwa fundi viatu, baadaye wakazunguka mtaa mzima, polepole, majirani wakiwasalimia. Suruali zilianza kulegea. Hakuwa mwembamba, wala hakuna aliyemwahidi wembamba, lakini alijifunga kamba za viatu mwenyewe, na siku ya kwanza alipoziweza alimwita mkewe kutoka jikoni aje aone.

Aliporudi kazini alikuta Mama Mwenyekiti ameshapitisha uamuzi. Dirisha la uhakiki lilikuwa chini, karibu na mlango, na mabenchi yake. Meza ya mninga ilikuwa ghorofa ya nne. Kipuri cha lifti kilikuwa bado kinasubiriwa.

Daktari alikuwa amemruhusu kupanda, mradi apande taratibu na akae kila kona. Kwa hiyo akapanda taratibu, akakaa kila kona. Tatizo likawa moja ambalo daktari hakulijua: katika jengo lile hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumpita Mkurugenzi kwenye ngazi. Aliposimama, walisimama. Alipokaa, foleni nzima nyuma yake, kuanzia wahasibu hadi wahudumu, ikasimama kimya ikitazama visigino vyake. Saa za kazi zikaanza kuchelewa kwa heshima.

"Piteni, jamani," akawaambia. "Mimi nina ruhusa."

"Hapana, Mheshimiwa. Tuko nyuma yako."

Asubuhi ya tatu, akiwa amekaa kwenye kona ya ghorofa ya pili, akisikia moyo wake ukigonga kwa utaratibu wake mpya wa dawa, alisikia mhemo mwingine mkubwa nyuma yake. Aligeuka. Naibu alikuwa amejishika ukuta, mkono kifuani, ulimi unakaribia kutoka. Ngazi alizopanda hazikutosha hata kulikunja shati lake.

"Wewe nawe una nini?"

"Moyo, Mheshimiwa," akasema Naibu, kwa sauti ya kukatikakatika. "Tangu ulipougua... hata mimi... ngazi hizi..."

Wafanyakazi walitazama chini. Mmoja wa vijana wa masjala alianza kukohoa ili asicheke.

Mkurugenzi alikunja uso kwa huruma.

"Pole sana. Moyo si wa kuchezea, ndugu yangu. Na ile safari yako ya mkutano wa nje wiki ijayo? Wiki mbili, ndege, hoteli? Haiwezekani. Mgonjwa wa moyo hasafiri." Akamwita Katibu Muhtasi, aliyekuwa ngazi tatu chini. "Jiandae wewe. Utatuwakilisha. Naibu anaumwa."

Naibu alisimama wima. Mhemo wote ulikauka papo hapo.

"Mheshimiwa, mbona nimeshapata nafuu!"

"Usijikaze. Nilijikaza mimi, ukaona. Kesho asubuhi dereva atakupeleka kwa daktari wangu akupime kila kitu. Mwambie akuangalie na yale mafuta ya ndani."

Kisha akashika reli, akajiinua, akasubiri kidogo kizunguzungu kipite, na kupanda ngazi iliyofuata. Nyuma yake foleni ikasogea hatua moja.